Kishikio cha Mtumba

Dada yangu alinipigia simu kutoka Buffalo nikiwa kazini, kwenye chumba cha kupumzikia cha ghala ninapofanya kazi hapa Louisville. Kwa kawaida hanipigii mchana, kwa sababu naye anahudumia wazee wa watu na bosi wake hapendi simu. Nilipoona namba yake nikajua ni habari ya baba.

"Papa amekatala kula," akasema. "Haiko ugonjwa. Daktari anasema bado anaweza kumeza. Ni yeye mwenyewe hataki."

"Umemupikia nini?"

"Yote. Fufu, sombe, samaki, mpaka ile supu ya bazungu ya mu boîte, ile ya kopo. Anageuza sura ku ukuta."

"Anasema anataka nini?"

Nikasikia basi likipita kule kwake. "Anasema wewe unajua," akasema.

Nilijua. Kwetu Kivu ya Kusini, kwenye vilima vinavyopakana na msitu, ukoo wetu ulikuwa wa wawindaji. Kijana akipata mnyama wake wa kwanza, yeye mwenyewe haonji hata mchuzi. Anampelekea baba yake shingo na ini. Baba anakula huku kijana amesimama mbele yake, na akimaliza kunawa anamwita mtu mzima mbele za watu. Mimi zamu yangu haikufika. Umri wa kufundishwa kuwinda ulinikuta tayari tunakimbia, na kambini hakukuwa na cha kuwinda zaidi ya panya. Nikaoa, nikazaa, nikaletwa Amerika, ndevu zangu zimeanza mvi, na baba yangu hajawahi kula mnyama wangu. Kila harusi alikuwa akinitania mbele ya wakwe zangu kwamba bado anasubiri chakula chake. Sasa ini lake mwenyewe lilikuwa limeharibika, hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani ili afie kitandani pake, na hakuwa anatania tena.

Nilikasirika, nitasemaje. Mzee mzima anagoma kula kama mtoto aliyenyimwa peremende, tena anamgomea binti yake anayemwosha na kumgeuza. Nilirudi kwenye foklifti nikiwa nabamiza mizigo mpaka msimamizi akanifokea. Lakini chini ya hasira ilikuwepo hofu. Mtu wa umri wake hakai muda mrefu bila chakula, na mimi nilikuwa sijawahi kumpiga hata ndege kwa manati.

Bahati ni kwamba msimu wa bunduki wa kuwinda kulungu ulikuwa umefunguliwa Kentucky. Tunawaita kulungu, ingawa si wale wa kwetu. Mzee mmoja mzungu ninayefanya naye kazi ana shamba nje ya mji, na kila vuli alikuwa akiniambia niende nikatoe angalau mmoja, wanamlia mahindi yake. Siku zote nilicheka na kusema hapana. Siku ile nilimfuata mwenyewe. Alifurahi, akanieleza habari ya leseni na fulana ya rangi ya machungwa, akaniambia nitafute bunduki yangu kwa sababu yake ni moja tu na yeye yuko nayo msituni.

Nikanunua ile rahisi kuliko zote dukani. Kitako chake ni cha plastiki, ukikigonga kinalia kama ndoo, na juu yake kulikuwa na darubini ya kulengea iliyofungwa tayari kwa skrubu. Niliibeba hadi kwenye gari nikihisi kila mtu kwenye maegesho ananiangalia. Mimi niliyewahi kulala kwenye matope siku nzima kwa kuogopa watu wenye vitu hivi, leo nimenunua kimoja kwa jasho langu.

Mke wangu hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Alisimama mlangoni pa jikoni akaitazama, kisha akanyoosha kidole.

"Bunduki nimezoea kuona," akasema. "Lakini ile jicho yake, Papa ya batoto, haitalala juu yake mu nyumba yangu."

Sikumwuliza kwa nini. Kaka yake mkubwa aliuawa akikata majani ya ndama, mchana kweupe, na mke wangu, wakati huo msichana, alikuwa nyuma yake na dumu la maji. Hawakuona mtu. Mlio ulifika baada ya kaka kuanguka. Baadaye watu wakasema yule mpigaji alikuwa kwenye kilima cha ng'ambo na bunduki yake ilikuwa na darubini. Tangu hapo silaha haimtishi sana, kinachomtisha ni kile kijicho cha kioo kilicho juu yake.

Tukakubaliana hivi. Bunduki itafungiwa kwenye sanduku la chuma kule chini, na komeo la bunduki, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, likiwa pembeni. Darubini itavuliwa kila ninaporudi, na atakayeitunza ni yeye, ndani ya mkoba wake wa kanisani. Nikitaka kutoka, ananipa. Nilimwahidi mara moja, kwa sababu nilidhani kuvua darubini ni jambo dogo, unalegeza skrubu halafu unakaza.

Si jambo dogo. Jumamosi ya kwanza nilifika shambani mapema, nikaifunga darubini kwa ufunguo wa pembe sita, nikalenga karatasi, risasi ikapiga majani. Nikazungusha vidude vya kurekebisha, nikapiga tena, nikarekebisha tena. Kila skrubu ukiikaza tofauti kidogo na jana, darubini inakaa tofauti kidogo, na kidogo hicho kikifika kwenye mnyama aliye mbali kimekuwa mkono mzima. Nilimaliza boksi la risasi nikiitafuta shabaha. Kulungu wenyewe walisikia ngoma hiyo wakahama kata. Yule mzee mzungu akanipigapiga begani akasema niache darubini juu ya bunduki kama watu wote. Ningemwelezaje habari ya ndama na dumu la maji?

Dada alipiga tena. Baba alikuwa amekubali maji na chai tu. Nikamwambia mwambie niko njiani, akasema, "Njiani ya wapi?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za vishikio. Kishikio ni kile chuma kinachoishika darubini juu ya bunduki: chini kina meno yanayouma reli, juu kina pete mbili zinazolikumbatia bomba la darubini. Vingi hukazwa kwa skrubu. Lakini vipo vyenye wenzo ubavuni, unaouvuta kwa kidole ukatoka na darubini yote mkononi, na ukiurudisha unabana palepale. Palepale, ndivyo wanavyosema wauzaji. Vile vizuri bei yake ilikaribia ya bunduki yangu nzima, nami mwezi ule nilikuwa nimeshatuma ya dawa Buffalo. Kwa hiyo nikafanya wanachofanya watu wa hali yangu. Nikaagiza cha bei ya chini kuliko vyote mtandaoni, chenye picha nzuri na nyota nyingi.

Kilikuja kinang'aa, chepesi mno. Binti yangu alikigeuzageuza, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba kinafanana na kitu cha kuchezea, nami nikamfukuza mezani. Alisema kweli. Nilipopiga risasi ya tatu ule wenzo ulifunguka wenyewe, darubini ikaruka ikanigonga juu ya jicho. Nilikaa chini kwenye majani, damu inanichuruzika mpaka mdomoni, nikaanza kulia. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu wikiendi nyingine ilikuwa imekwisha, na baba yangu alikuwa amelala Buffalo na tumbo tupu ananisubiri mimi, mtu asiyeweza hata kununua chuma.

Ndipo nikampigia mtoto wa baba mdogo, anayekaa Reynoldsburg, pale Columbus. Yeye anawinda kila mwaka na ndiye fundi wa familia katika mambo haya. Alinisikiliza, akacheka kwanza, kisha alipofahamu kwamba ni habari ya mzee akaacha kucheka.

"Leta hiyo bunduki, mukubwa," akasema. "Na usinunue tena kitu mu simu. Kishikio wananunua na mikono."

Nilibadilishana shifti na Mtanzania mmoja pale kazini, nikashika barabara. Ndugu yangu alinipeleka kwenye duka dogo upande wa Gahanna, ndege zinashuka karibu kabisa na paa, ambako wana sanduku la vyuma vya mitumba. Alichambua lile sanduku kama mama anayechagua maharagwe. Cha kwanza alikitupa kwa sababu ni alumini laini na meno yake yalikuwa yameshaliwa. Kingine kilikuwa kirefu mno, akasema nitalazimika kuinua shavu juu ya kitako na kila mara nitainua tofauti. Cha tatu pete zake zilikuwa pana kuliko bomba langu, na muuzaji akataka kunipa plastiki ya kuzibia. Ndugu yangu akamtazama muuzaji bila kusema kitu mpaka akairudisha plastiki yake chini ya meza.

Mwishowe akatoa kimoja cha chuma cheusi, kizito, kimechakaa rangi. Akanionyesha nati ndogo chini ya wenzo, ile unayoikaza kidogokidogo mpaka wenzo ukubali kufunga kwa nguvu ya kidole gumba. Ukifunga kirahisi ni mbaya, akasema, na ukihitaji nyundo ni mbaya pia. Akakipachika kwenye reli, akakisukuma mbele hadi kikagota, ndipo akafunga.

"Mbele kwanza, siku zote. Bunduki inarudisha nyuma, donc basi kishikio tayari kimeegemea. Unasikia?"

Nilisikia. Bei yake niliimudu bila kuongea na mtu.

Jioni hiyo tukiwa mezani kwake aliifunga darubini ndani ya pete, akifuta kila kitu kwa spiriti ya duka la dawa, pete na bomba na reli, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akamwomba mkewe rangi ya kucha. Akachora kistari chekundu kuanzia kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma. Skrubu ikizunguka hata kidogo, kistari kinakatika na unajua. Asubuhi tulienda kwenye uwanja wa kulengea. Nikapiga, nikaivua darubini, nikaivisha, nikapiga. Akaniambia nivue tena niiweke ndani ya gari, tunywe kahawa, turudi. Tukarudi, nikasukuma mbele, nikafunga, nikapiga. Matundu yote yalikuwa yamekaa pamoja, ungeyafunika kwa kikombe.

Nilimkumbatia yule ndugu yangu mpaka akanisukuma. Njia nzima ya kurudi Louisville niliimba nyimbo za kwaya peke yangu. Nilimpigia dada nikamwambia amwambie mzee Jumamosi, Jumamosi bila kukosa. Ilikuwa wikiendi ya mwisho ya msimu. Dada akaweka simu sikioni pa baba, nikasikia pumzi yake tu, halafu sauti imekuwa nyembamba: "Kata shingo ndefu."

Nilifika nyumbani, nikavuta wenzo, nikampa mke wangu jicho lake. Akalitia mkobani. Nikaenda kufanya shifti zangu za wiki nzima, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya kwanza nilikula nikashiba.

Jumamosi alinikabidhi darubini imefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Nikaenda, nikajikunyata chini ya mti, kumeanza tu kupambazuka. Nilisukuma mbele, nikafunga. Wenzo ulifunga laini kuliko siku zote, nikafurahi nikadhani vidole vyangu vimeizoea kazi. Nikavitazama vistari vyekundu, vyote vimenyooka. Jua lilipogusa mahindi wakatoka, majike mawili, wanatembea polepole kama watu waliotoka ibadani. Mmoja alisimama ubavu wazi. Umbali wake ulikuwa mdogo kuliko ule niliopigia matundu yangu ya Columbus. Nilimwomba Mungu, nikavuta pumzi, nikapiga.

Udongo uliruka nyuma yake, mbali kabisa. Yule mnyama aliinua kichwa, hakuelewa. Nikasukuma komeo nikapiga tena, safari hii risasi sijui hata ilikwenda wapi. Mikia yao meupe ikainuka na wakapotea. Niliweka karatasi kwenye mti nikapiga kuijaribu, ikakosa karatasi yote. Nikavitazama tena vistari vya rangi ya kucha. Havikuwa vimekatika hata kimoja.

Nilikaa pale mpaka jua limepanda, nimeshika tama, siwezi hata kukasirika. Nilidhani ni mimi. Nilidhani mkono wangu umelaaniwa, kwamba ndiyo maana zamu yangu ilipita tangu utotoni, na kwamba baba anakufa akisubiri kitu ambacho hakimo ndani yangu. Ndipo nilipovuta wenzo ili nivue darubini, vidole vikateleza. Nikavinusa. Nikaligeuza bomba kwenye mwanga. Lilikuwa limetambaa mbele ndani ya pete, limeacha alama safi nyeusi upana wa ukucha, na kando ya pete kulikuwa na utelezi wa manjano. Skrubu hazikuzunguka, kwa hiyo vistari havikuwa na la kusema. Kilichoteleza ni bomba lenyewe. Na harufu ile naijua, naisikia kila Jumapili. Mafuta ya zeituni. Mafuta ya upako.

Kwetu hapa kitu kipya hakitumiki bila kuombewa. Gari likinunuliwa, mchungaji anapaka mafuta usukani. Barua ya uhamiaji ikija, inapakwa. Mtu akienda kufanya mtihani wa uraia, kalamu yake inapakwa. Mimi mwenyewe nilishikwa kichwa na kupakwa kabla ya kupanda foklifti mara ya kwanza, na sijawahi kuangusha mzigo. Sikufikiri hata mara moja kwamba mkoba wa kanisani huenda kanisani.

Niliendesha gari kama mwendawazimu. Mke wangu alikuwa anakata mboga. Niliweka darubini mezani mbele yake.

"Nani alimwanga mafuta hapa?"

Aliangalia darubini, akaangalia mikono yangu isiyo na damu, akaelewa kabla sijasema kitu kingine. Akaweka kisu chini.

"Ba mama ya maombi," akasema. "Alhamisi. Nilibaambia juu ya Papa. Tulifunga bila kula, tukaombea hiyo jicho, ile laana itoke, ionee Papa chakula. Nilimwanga mimi. Nilimwanga mingi."

"Mingi! Chuma hiki kinashika kwa ukavu! Umeua mzee!"

Neno hilo nilimwambia. Lilitoka na halikurudi. Alivuta kiti akakaa, akachukua darubini ile aliyoiogopa miaka yote, akaanza kuifuta kwa kanga yake, pete kwa pete, huku machozi yanadondokea humohumo alimokuwa anafuta. Wiki nzima alikuwa ameilalia karibu, ameigusa kwa vidole vyake, ameifungia njaa, kwa ajili ya baba yangu. Nilitamani kupiga magoti na nilitamani kuvunja sahani. Nilibaki nimesimama katikati ya jikoni na ile fulana ya machungwa.

Jumapili nilirudi shambani, nimesafisha kila kitu kwa spiriti, nimekaza, nimechora upya. Mvua ilinyesha kuanzia alfajiri mpaka giza, na hakutoka hata sungura. Msimu ukafungwa. Kuhamia Ohio kuwinda haikuwezekana, sheria zao ni nyingine na risasi za bunduki yangu hawaziruhusu kwa kulungu. Nilimpigia ndugu yangu wa Reynoldsburg nikamweleza. Hakucheka. Alisema ana shingo na ini kwenye friza, za mnyama aliyempata mwenyewe kwa upinde, na nipite nichukue.

"Mwambie ni ya kwako," akasema. "Nani atajua?"

Tuliondoka na mke wangu, watoto tukawaacha kwa jirani. Hatukuzungumza mpaka Columbus. Tulipakia kisanduku cha barafu, tukaendelea. Karibu na ziwa theluji ilianza kutupiga kioo, na hapo mke wangu akaniambia, macho yake yakiwa barabarani, "Sema vile unaona muzuri. Mimi sitafungua mdomo." Nikamwambia nisamehe. Akaweka mkono juu ya goti langu akauacha hapo.

Nyumba ya dada iko West Side, ya mbao, ya zamani, ngazi zinalalamika. Ndani kulikuwa na joto kali na harufu ya ugonjwa. Baba alikuwa amekuwa mdogo kiasi kwamba nilimtafuta kwanza ndani ya mablanketi. Miguu yake tu ilikuwa imevimba. Aliponiona alijaribu kuketi. Mke wangu na dada wakaenda jikoni wakapika, na harufu ilipoanza kufika chumbani nikaona pua yake inafanya kazi. Akaniashiria nisimame. Akataka nisimame mbele yake, kama inavyotakiwa.

Dada akaja na bakuli. Akachota mchuzi, akaupuliza, akaupeleka. Baba akafungua mdomo. Nilikuwa nimejiapia njia nzima kunyamaza, na kama ningenyamaza angekula, akanawa, akaniita, nami ningekuwa mtu mzima kwa mnyama wa mwingine.

"Papa," nikasema, "haiko yangu. Nilipiga nikakosa. Hii ni ya mutoto ya baba mudogo."

Dada alinitazama kama anayetaka kunimwagia bakuli zima. Wiki zake zote za kubembeleza nilikuwa nimezikata kwa maneno machache. Baba akafunga mdomo, akageuza uso ukutani, na sisi wote tukasimama hivyo, kijiko kinapoa hewani. Nilijua nimemwua. Nilijua mke wangu atalibeba hilo hata nikimwambia mara ngapi kwamba si yeye.

"Ulikosa namna gani?" sauti ikatoka ukutani.

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya kishikio, meno yake na wenzo wake, na mafuta yaliyoingia ndani ya pete, na msimu uliofungwa. Sikusema nani aliyamwaga.

"Ni mimi, Papa," mke wangu akasema kutoka mlangoni. "Mafuta ya maombi."

Baba akageuka taratibu, akanitazama mimi.

"Banafungula tena lini?"

"Novemba, Papa. Novemba yenye inakuya."

Akatoa mkono nje ya blanketi, akaanza kuhesabu miezi kwa kukunja vidole, midomo inacheza. Vidole vilipoisha akachukua vya mkono wa pili. Dada, ambaye kazi yake inamfundisha miguu iliyovimba kama ile maana yake ni nini, alikuwa ameuma mdomo wake wa chini. Sote chumbani tulijua, na nadhani hata yeye alijua kuliko sisi.

"Ni mbali," akasema.

"Ni mbali, Papa."

"Bon. Nitakungojea." Akamgeukia dada kwa ukali wake wa zamani. "Leta basi hiyo supu. Unataka ningoje na njaa?"

Dada akachota upya, akapuliza, na baba akala.